Vidonge Mfukoni mwa Padri

Nauza masweta Dar es Salaam. Cheka kwanza, halafu tuendelee. Hata siku nilipokwenda Lindi kuposa, shangazi yake Mwanaidi alishika kiuno akaniuliza mbele za watu, "Masweta? Huko Bongo kwenye joto lile? Sasa mtoto wetu atakula nini, jasho?" Watu wakavunjika mbavu. Lakini kila siku ya Mungu kuna mtu anapanda basi kwenda Njombe, Makete, Mbeya au Lushoto, na wote hao huikumbuka baridi siku moja kabla ya safari, wakiwa bado hapa wanavuja jasho. Ndipo wanapokuja Mchikichini, wanamuulizia yule jamaa wa masweta, na wanaelekezwa kibandani kwangu.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki nikingoja sindano yangu. Akaja baba mmoja wa makamo, kavaa jaketi kafunga zipu mpaka kidevuni, kofia ya sufu kichwani, saa tano asubuhi, na jua lile la Februari unalijua. Watu walimtazama wakacheka chinichini. Mimi sikucheka. Nilisogea nikamsalimia, kisha nikamuuliza, "Samahani kaka, ndevu zako zinaota?" Akanikata jicho, akanigeuzia mgongo. Baada ya kama nusu saa akageuka mwenyewe, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umejuaje?" Tukaongea mpaka jina langu likaitwa, na hatukumaliza. Yaliyobaki ndiyo haya. Namwandikia yeye, na yeyote mwenye tatizo kama letu.

Wakati yanaanza tulikuwa tunakaa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mimi na mke wangu Mwanaidi na binti yetu Rehema, aliyekuwa na miaka sita. Chumba kimoja kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, ua nyuma. Nyumba ile haipo tena, wamejenga ghorofa la maduka ya simu. Nikipita pale bado pua yangu inatafuta harufu ya vitumbua vya Mwanaidi, maana alikuwa anavipika uani alfajiri na wapangaji wote walikuwa wanaamshwa na harufu ile. Tuligombania bafu, tuligombania kamba ya kuanikia nguo, na jioni tulikaa uani tukicheka pamoja kama si sisi tuliotukanana asubuhi. Nawakumbuka watu wale mpaka roho inaniuma. Sikujua kuwa zile zilikuwa raha, niliona ni maisha tu ya kupangapanga mpaka tupate pa kwetu.

Karibu mwaka mmoja kabla sijaanza kuumwa, tulikuwa tunashusha mzigo kwenye lori. Nguo za mitumba huja zimefungwa belo kwa mikanda, belo moja zaidi ya kilo arobaini. Mtu wa juu anasukuma, wa chini anapokea kwa mgongo. Mimi nilikuwa wa chini, na nilikuwa naongea. Nina mdomo mimi, wenzangu wanajua. Nimegeuza shingo nawasimulia kisa, belo likashuka likanipata kisogoni. Nikazimia, nikazinduka, nikashonwa nyuzi saba, na wiki iliyofuata nikarudi sokoni na bandeji yangu na kisa kipya cha kusimulia. Baada ya hapo nikasahau.

Ugonjwa wenyewe haukuja kwa kishindo. Ulianza kwa uchovu. Nilikuwa naweza kupanga masweta mia huku naimba, sasa nikipanga kumi natafuta pa kukaa. Nikisimama ghafla, soko zima linazunguka. Chakula kikawa hakina ladha, hata pweza wa kukaanga, mimi mtu wa pwani! Halafu ikaja baridi. Si baridi ya homa inayokuja na kuondoka. Ilikuwa baridi ya kukaa, imejaa mifupani, asubuhi mpaka jioni, huku wenzangu wanajipepea kwa maboksi.

Hapo sasa ndipo kazi yangu iliponiponza. Mtu mwingine akivaa sweta Dar mwezi wa Januari, ndugu watamshika mkono wampeleke hospitali. Mimi nilivaa moja, nikavaa la pili, nikaweka na jaketi juu, na watu wakanipongeza. Jirani yangu wa kibanda, Mama Faraja, mwenyeji wa Mbinga anayeuza nguo za watoto, alinipigia makofi. "Hapo sawa, jirani! Watu waione bidhaa ikiwa mwilini." Na kweli wateja wakawa wanasema, nipe kama hilo ulilovaa. Nalivua, natetemeka, naingia kwenye jingine. Miezi mitano nilitembea na ugonjwa na soko zima likidhani natangaza biashara.

Aliyegutuka ni kinyozi wangu, Mzee Mkwanda. Kiti chake kilikuwa barazani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila Alhamisi jioni nilikwenda kunyolewa ili Ijumaa niwe safi. Zamani ndevu zangu zilikuwa nzito mpaka alikuwa ananilalamikia kwamba namalizia nyembe zake. Alhamisi hiyo nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akanijibu marahaba bila uchangamfu, akanipaka povu, akachukua wembe, akauweka chini.

"Mwanangu," akasema, "wiki ya nne hii nakunyoa povu."

"Povu vipi, mzee?"

"Nakupaka, nalifuta kwa wembe, nakupaka shabu, nakutoza. Ndevu hamna. Nilidhani umenisaliti, unanyolewa kwingine unakuja kwangu kupumzika." Akanipapasa shavu kama anachagua embe. "Ngozi laini kama ya bibi harusi. Una nini wewe?"

Nikamtania kwamba nimekuwa mtoto. Hakucheka. Akanigeuza kichwa, akagusa kovu la kisogoni. "Na tangu hili belo likupige, nywele zako nazo hazina nguvu. Mimi kichwa hiki nakishika kila wiki, nakijua kuliko mkeo. Nenda hospitali. Usiende kwa hao wa mizizi, watakula hela yako bure." Akanifukuza kwenye kiti na siku hiyo akakataa hela yangu.

Angekuwa mtu mwingine angekwenda kesho yake. Mimi nilikwenda baada ya miezi miwili, na nitasema kwa nini, maana bila hilo simulizi hii haina maana. Mambo ya chumbani yalikuwa yamekatika. Nasema hivyohivyo, nisilizungushe. Si kwamba nilitaka nikashindwa. Hata kutaka kwenyewe kulikuwa kumekwisha. Mwanaidi alikuwa mwanamke wa kufukiza udi, wa kupanga viasmini kitandani siku ya Ijumaa, na mimi nilikuwa naingia, nasema nimechoka, nageukia ukutani na sweta langu. Mara ya kwanza alinipa pole. Mara ya tano akanyamaza. Ikafika jioni moja akasimama mlangoni na beseni la nguo, akaniuliza bila kunitazama.

"Baba Rehema, huyo mwanamke anakaa wapi?"

"Mwanamke gani tena?"

"Nakuuliza wewe. Mwanamume hachoki mwaka mzima."

Nilipaswa kumwambia palepale. Badala yake nikakasirika, nikapaza sauti, nikatoka. Nilipofika nje nikagundua kitu ambacho mpaka leo nakionea aibu. Nilikuwa nimefurahi kidogo. Nilimwacha aamini. Niliona bora mke wangu anifikirie nina nyumba ndogo kuliko ajue kwamba mimi si mwanamume tena.

Hospitali nilikwenda kimyakimya. Nikapita kwa daktari huyu, nikapelekwa kwa yule, nikapimwa malaria mara tatu na sukari mara mbili. Masika yalikuwa yameanza, na Jangwani maji yalikuwa yakijaa barabara inafungwa, kwa hiyo kuna siku nilifika namba za kliniki zimekwisha nikarudi nimelowa. Mwishowe nikaangukia kwenye kliniki ya tezi, benchi refu la mbao lililolainishwa na makalio ya watu. Wengi pale walikuwa na uvimbe wa shingo, wengine sukari. Waliniangalia shingo, wakaona haina kitu, wakaniuliza, "Wewe sukari?" Nikawa nasema ndiyo, kwa sababu ni rahisi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kilwa, kila mwezi tulikutana, kila mwezi alikuwa na chungwa na kila mwezi alinikatia nusu. "Kula mwanangu, hili lina chumvi yake," alikuwa ananiambia, na kweli alikuwa anakuja na pilipili na chumvi kwenye karatasi. Sikuwahi kumuuliza jina, na sasa simwoni tena.

Daktari alikuwa mama mwenye maneno machache. Alisoma majibu ya damu, ambayo yalichukua wiki kadhaa, akaniuliza, "Uliwahi kuumia kichwa?" Nikasema hapana. Kisha nikakumbuka mkono wa Mzee Mkwanda kisogoni kwangu, nikasema ndiyo. Akaniambia kuna tezi ndogo imekaa chini ya ubongo, kama punje ya njegere, na hiyo ndiyo inayoziamrisha tezi nyingine zifanye kazi. Yangu ilitikisika siku ile ya belo, ikafifia polepole. Nilimwelewa kwa njia yangu: wapagazi wote wapo, wana nguvu zao, wamekaa juu ya mikokoteni wanangoja, ila mnyapara amelala. Akanipa vidonge vya kumeza saa mbili asubuhi na saa nane mchana, vingine vikaongezwa baadaye, na sindano moja kila mwezi. Nikamuuliza mpaka lini. Akaniambia, "Maisha yako yote. Na hivi vya saa mbili na saa nane usivikose hata siku moja. Ukiugua homa au ukitapika, usikae nyumbani, kimbia hospitali." Nikaitikia kwa kichwa, kama tunavyoitikiaga.

Wewe wa jaketi, nataka ujue siku ya tatu ya vidonge inakuwaje. Niliamka na njaa. Njaa! Nikala vitumbua vinane, Mwanaidi akanitazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu mwanamume anayerudi kula vizuri nyumbani pengine kaachwa na hawara. Sokoni nikavua jaketi, nikavua sweta, nikabaki na shati la mikono mifupi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Mama Faraja akaacha kupanga nguo zake.

"Jirani, leo huna sweta! Unaumwa?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Sasa vidonge nivifiche wapi? Nyumbani haiwezekani, chumba ni kimoja na Mwanaidi anajua hata sindano ya kushonea iko wapi. Na unajua mtu anayemeza vidonge kila siku kwa saa, tena amekonda, tena anavificha, mtaani wanamwita nani. Hawatauliza mara mbili. Nikavipeleka kwa Padri.

Padri lilikuwa koti. Koti refu jeusi la sufu, zito kama godoro, lilitoka kwenye belo moja na nikalitundika juu kabisa ya kibanda, na kwa urefu ule na weusi ule Mama Faraja, Mkatoliki wa kweli, ndiye aliyelibatiza. Mwaka na zaidi hakuna aliyelinunua. Watu walikuwa wanapiga nalo picha. Ndani kwenye bitana lilikuwa na mfuko mrefu wenye kifungo, na humo nikaweka vidonge vyangu, karatasi ya daktari, na kadi ya kliniki. Saa mbili asubuhi nasogeza kigoda, napanda, naingiza mkono kifuani mwa Padri, nameza. Saa nane hivyohivyo. Mama Faraja akawa anasema, "Jirani kaenda kuungama." Hakujua, na mimi nilijiona mjanja kweli.

Nikanenepa. Baada ya sindano ya pili na ya tatu hata ule moto wa zamani ukaanza kurudi kidogo kidogo. Lakini nyumbani tulikuwa tumeshakuwa wageni. Mwanaidi alikuwa ananiwekea chakula, anakaa pembeni, ananitazama nikila. Ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayengoja basi. Nilidhani ni hasira. Nikawa nakula kwa haraka nitoke.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa sita, msimu wangu wa mavuno, maana huko juu baridi inakuwa imekolea. Saa nane ilikuwa haijafika. Nimetoka msikitini, nafika kibandani, Mama Faraja ananikimbilia anashangilia, kashika noti.

"Jirani, nipe soda! Nimemuuza Padri!"

Nikakaa chini. "Umemuuza kwa nani?"

"Jamaa mmoja wa Makete, basi lake linaondoka leoleo. Hakupunguza hata shilingi! Mbona unakaa chini?"

Ningemwambia nini? Kwamba ndani mlikuwa na uhai wangu? Nikasema asante, nikamnunulia soda, nikakimbilia stendi. Mabasi ya kule yalikuwa yameshaondoka. Nikazunguka maduka ya dawa matatu. La kwanza hawana. La pili wanataka karatasi ya daktari. La tatu hawana. Kliniki imeshafungwa mpaka Jumatatu. Nikajiambia siku mbili tatu si kitu, mbona nimeishi mwaka mzima bila hivyo? Huo ndio ujinga wangu mkubwa kuliko yote. Mwili ukishazoea kupewa, ukinyimwa ghafla hausubiri mpaka Jumatatu.

Jumamosi tumbo likachafuka. Sijui ni nini nilikula. Nilitapika mpaka jioni, Mwanaidi ananipa uji nautapika, ananipa maji ya chumvi na sukari nayatapika. Aliniuliza, "Baba Rehema, kuna kitu unataka kuniambia?" Nikatikisa kichwa. Akaniuliza tena, "Hakuna kabisa?" Nikasema ni tumbo tu. Jumapili asubuhi nilijaribu kusimama niende chooni, nikaanguka uani mbele ya majiko ya watu. Nakumbuka Rehema analia, nakumbuka wapangaji wawili wananiingiza kwenye bajaji, na kichwa changu kikiwa mapajani kwa Mwanaidi. Nilikuwa nasikia kila kitu ila siwezi kufungua mdomo.

Hospitali daktari wa zamu alikuwa kijana, ana haraka. Akapima presha, akapima tena. Akamgeukia mke wangu. "Mama, mumeo anatumia dawa yoyote?"

Nilikuwa nimelala pale nikijua kwamba jibu la swali lile liko ndani ya koti, na koti liko Makete. Nikajisemea basi, nimekufa kwa aibu, nimekufa kwa kufunga mdomo, mimi niliyesifika kwa mdomo. Nilijaribu kusema nikatoa pumzi tu.

Mwanaidi akavuta pindo la kanga yake. Kwenye pindo kulikuwa na fundo, limekazwa sana, akalifungua kwa meno. Akatoa kipande cha karatasi ya vidonge, kile kikaratasi cha fedha kilichobaki matundu matupu, amekikunja ndani ya kijinailoni.

"Anatumia hizi," akasema. "Kila siku, akikosa anaweza kufa. Naona amezikosa."

Daktari akakigeuza, akasoma nyuma, na hapo hapo akamwita muuguzi kwa sauti ya juu. Nikachomwa sindano ya mshipani, nikawekewa dripu mbili. Mchana ule niliomba chai ya rangi. Muuguzi alicheka, akasema, "Asubuhi maiti, mchana anataka chai!"

Jioni Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Hakulia. Mke wangu akiwa na hasira sana anakuwa mtulivu.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu masika. Nilikuwa nafua suruali yako, nikakikuta mfukoni, umesahau kukitupa. Nikajua ndizo zile dawa. Kila mtu angejua hivyo." Akajifunga kanga yake vizuri. "Nikaenda kupima, Baba Rehema. Nilikwenda Buguruni, ambako hakuna anayenijua, nikakaa kwenye benchi peke yangu, nawaza Rehema atalelewa na nani. Majibu yakatoka sina kitu. Nikafikiri labda wamekosea, nikarudi wiki nyingine. Sina kitu. Ndipo nikakipeleka kile kikaratasi duka la dawa, mtu akaniambia hizi si za ugonjwa huo. Akaniambia mwenye kuzinywa hizi asizikose, atakufa. Nikakifunga kwenye pindo tangu siku hiyo. Nililala nacho, nilioga nikakirudisha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi?" Akanitazama. "Wewe kwa nini hukuniambia? Kila jioni nikikuwekea chakula nasema leo atasema. Nakutazama unavyotafuna, nasema akimaliza atasema. Unamaliza, unatoka."

Basi nikamwambia yote. Belo, povu la Mzee Mkwanda, tezi, Padri. Na mwisho nikamwambia lile gumu, kwamba niliona bora adhani nina mwanamke nje. Mwanaidi akanipiga kofi la bega, la nguvu, kwenye mkono usio na dripu.

"Mjinga wewe! Miezi yote hiyo nimemchukia mwanamke ambaye hayupo!"

Tukacheka, halafu akalia, halafu mimi nikalia, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kutupa faragha. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yeye jioni ile.

Ni miaka mingi sasa. Mtoto wa pili hakuja, na hilo bado linatuuma, hasa Idi ikifika na nyumba ikawa na viatu jozi moja tu vya kununua. Mzee Mkwanda ametangulia mbele ya haki, lakini kabla hajaondoka alinipata Alhamisi moja na ndevu za wiki mbili, chache, za kubahatisha, akaupitisha wembe akasikiliza zinavyokwaruza. "Naam," akasema, "leo lipa." Nililipa mara tatu yake. Ningetoa chochote nikae tena kwenye kile kiti cha barazani, nisikie harufu ya shabu, na Mwanaidi anaita kutoka uani kwamba vitumbua vinapoa.

Sokoni siri imekwisha. Mama Faraja alipojua alichokiuza alilia siku mbili, akafunga na kusali, na tangu hapo amekuwa kengele yangu. Ikifika saa mbili asubuhi anapaza sauti, "Jirani, dawa!" Wauza viatu wa mstari wa pili wanapokea, "Dawaaa!" Na mimi nameza hadharani, watu wananipigia makofi. Wateja wageni wanashangaa. Niwaeleze nini?

Kwa hiyo wewe wa jaketi, ushauri wangu ni mmoja tu. Kunywa utakunywa, sindano utachoma, daktari atakwambia yeye. Lakini mwambie mtu mmoja. Mke, dada, jirani, yeyote anayeweza kuulizwa siku mdomo wako utakapogoma. Usimwambie koti.

Wiki iliyopita mimi na Mwanaidi tulikwenda Lindi kwenye harusi ya mpwa wake. Njiani Mwanaidi alitaka kununua korosho, akatoa simu akamlipa muuzaji kwa simu. Yule mama muuzaji akamtania, "Dada, mjini mmeharibika, pindo la kanga hamlitumii tena?" Mwanaidi akacheka. Alipokaa tena kwenye basi akavuta pindo, akafungua fundo kwa meno, akanipa kidonge cha saa nane na chupa ya maji, akalifunga tena na viwili vilivyobaki. Pesa siku hizi anaweka kwenye simu. Pindo la kanga ni langu.